Jicho la Bibi na Filta ya Anjela

Tulikwenda Rangwi kwa sababu moja tu: kumteremsha Bibi kabla hajabadili mawazo.

Bibi Paulina, mama yake mama yangu, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kwa muda mrefu alitambua watu kwa sauti na vikombe kwa kupapasa, na kila tulipomtajia upasuaji alijibu kwamba hana haja ya kuangalia tena, kila kitu ameshakiona. Ukweli tuliujua. Babu aliteremka kwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa Rangwi ndani ya sanduku, na tangu siku hiyo Bibi hakumteremkia daktari yeyote. Kisha Mjomba Nikodemu, mwanawe anayekaa naye uwanja mmoja, akanipigia simu akinong'ona kama mtu anayeuza siri ya serikali. "Amekubali," aliniambia. "Njooni upesi kabla hajalala." Daktari wa macho wa Tanga alitupa nafasi katika likizo fupi ya Septemba, jicho la kulia kwanza na la kushoto baadaye. Jumatatu kabla ya saa tisa mchana awe amefika kupimwa, Jumanne apasuliwe. Alituonya kwamba jicho lile limeshakomaa, na kwamba tukikosa zamu hiyo turudi mwisho wa foleni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia jijini Tanga. Milima ya Usambara naifundisha vizuri sana ubaoni, kwa chaki za rangi, lakini kuipanda kwa gari ni kazi ya mke wangu Anjela. Anjela ana duka la vifaa vya umeme, ana mume, na ana gari. Nimeyataja kwa mpangilio unaonifariji. Gari lenyewe ni dogo, la bluu, limezeeka kwa heshima. Mwaka huu alilitoa ile filta ya hewa ya karatasi, ambayo mafundi wote huiita ea klina, akalivisha filta ya mashindano: pamba iliyokunjwakunjwa kati ya nyavu mbili za waya, na fremu ya mpira mwekundu kuizunguka. Alinieleza kwamba injini sasa inapumua kwa raha, na kwamba filta hiyo haitupwi. Ikichafuka inaoshwa kwa dawa yake, inakaushwa kivulini, inapakwa mafuta yake mepesi mekundu, inarudi kazini. Nilichokiona mimi ni kwamba gari lilianza kunguruma kama lina watu wa kulipiza kisasi, na bado lilitufikisha sokoni kwa muda uleule.

Jumamosi alfajiri tuliondoka Tanga. Tulipita Muheza machungwa yakipangwa kando ya barabara, tukanywa chai Korogwe, na jua lilipokuwa kali tulikuwa Mombo, mahali ambapo barabara ya Lushoto inaiacha nchi tambarare na kuanza kupanda. Hapo Anjela alifunga kioo, akazima redio, akakaa sawa kwenye kiti.

"Unasikia?" aliniuliza tulipoanza kona za kwanza.

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Hewa," nilijibu, kwa kuwa ndilo jibu lililoniokoa mara ya mwisho.

Aliridhika. Barabara ile imebanwa kati ya mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mto uko huko chini sana, unauona ukiwa na ujasiri wa kuutazama. Mimi niliutazama mwamba. Niliukagua kwa makini wote, kutoka Mombo mpaka Soni, na ninaweza kuueleza darasani bila kitabu.

Lushoto mjini tulisimama kujaza mafuta. Anjela alifungua boneti apate kuiona filta yake, na alichokiona hakikumfurahisha: vumbi la nchi kavu lilikuwa limejaa kwenye makunjo, ule wekundu wa mafuta umegeuka kijivu. Fundi mmoja aliyekuwa pembeni akaja na mpira wa upepo mkononi, tayari kuisaidia dunia.

"Lete niipulize, dada. Sekunde moja tu."

Anjela aliifunika filta kwa viganja vyote viwili. "Hii haipulizwi! Upepo wa mashine unatoboa pamba. Hii inaoshwa."

"Inaoshwa kama sahani?"

"Sahani huioshi kwa upole hivi."

Fundi alinitazama mimi kwa huruma. Nilimpungia mkono, tukaendelea.

Baada ya Magamba tuliingia msituni, baridi ikatukumbusha masweta. Kupita Lukozi hali ilibadilika. Malori ya kabichi na karoti yalikuwa yanateremka kuwahi masoko ya bondeni, na kila lori lilituachia wingu la vumbi. Kila wingu lilipotumeza, Anjela aliguna kana kwamba vumbi linaingia kwenye mapafu yake mwenyewe. Nilimwambia kwamba kazi ya filta ni kukamata vumbi, basi afurahi, inafanya kazi. Aliendelea kuguna mpaka tulipoliona kanisa la Rangwi.

Bibi alikuwa barazani, amejifunga khanga juu ya sweta, uso ameuelekeza kwenye mlio wa gari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu." Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mume na mke, basi mke wa mjukuu hana budi kuwa mke mwenza, na Bibi kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Alinipapasa uso, akanipapasa mbavu. "Umekonda. Na huyu mke mwenzangu yuko wapi?"

"Shikamoo, Bibi," Anjela alisema, akipiga goti.

Akampapasa na yeye, mashavu kisha mabega, akamwongezea salamu ya mchana ya Kisambaa. "Marahaba. Onga mshi, mwanangu. Huyu hakukonda. Nimeshajua chakula cha nyumba ile kinakwenda wapi."

Jioni, tukila makande jikoni kwake, nilijua kwamba "amekubali" ya Mjomba Nikodemu ilikuwa na mapengo. Bibi alianza kutuhesabia vikwazo. Kulikuwa na kuku anayeatamia. Kulikuwa na mbuzi ambaye hali majani akipewa na mtu mwingine. Mjomba alisema kuku na mbuzi atawaangalia yeye, na Bibi akasema ndiyo maana ana wasiwasi. Mwisho akaweka bakuli chini, akatoa masharti yake.

"Nitakwenda. Nimeshasema. Lakini Jumatatu, hilo gari mkiliwasha mara moja likawaka, nakwenda. Likikataa, basi Mungu amesema nibaki, na asinisumbue mtu tena."

"Mama, hata pikipiki ya paroko haiwaki mara moja," Mjomba alisema.

"Ndiyo maana sipandi pikipiki ya paroko."

Anjela alicheka, akamhakikishia kwamba gari lake halijawahi kukataa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuangalia uso wa Bibi kwa mwanga wa moto, na niliona anaogopa. Aliogopa sana, na alikuwa anatafuta mlango wa kutokea bila kuonekana mwoga. Niliogopa pia, kwamba tutampa mlango huo sisi wenyewe.

Jumapili baada ya misa tulimpa.

Tulirudi kutoka kanisani, jua limetoka, na Anjela akatangaza kwamba ni siku nzuri ya kuosha filta. Nilimkumbusha kwamba kesho tunateremka.

"Gari linaloteremka linahitaji pumzi ya nini?" nilimuuliza. "Si linajiachia tu?"

"Wewe fundisha milima," alinijibu. "Bibi amesema liwake mara moja. Nataka liwake likiwa safi."

Kusema haki, kazi aliifanya vizuri mno. Kwanza aliigongagonga filta taratibu kwenye kiganja, vumbi la Mombo na la Lukozi likadondoka. Kisha akaipulizia ile dawa ya kusafishia pande zote mbili, akaiacha kidogo povu lilainishe uchafu, lakini si mpaka likauke. Baada ya hapo akachukua kata, akawa anamimina maji polepole kutoka upande ulio safi kwenda upande mchafu, ili uchafu utoke ulikoingilia usije ukasukumwa ndani zaidi. Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa ulezi. Akarudia, akamaliza karibu dawa yote, mpaka maji yakatoka meupe na pamba nayo ikabaki nyeupe. Bibi alikuwa amekaa kigodani, anasikiliza kila tone.

"Mnaosha nini hapo?"

"Pua ya gari, Bibi," nilisema.

"Lina mafua?"

"Mke mwenzako anasema lina mafua."

"Basi na liombewe," Bibi alisema, akaendelea kumenya maharage.

Anjela akaikung'uta filta, akaiweka juu ya stuli barazani, kivulini, na kutueleza wote kwamba isiguswe. Haitaki jua kali, haitaki moto, haitaki kitambaa, inataka hewa na subira. Ikikauka kabisa ndipo ipakwe mafuta, maana ni ule utando wa mafuta kwenye pamba unaokamata vumbi. Mjomba alitikisa kichwa kwa heshima. Bibi wakati huo alikuwa ameingia ndani kutafuta ungo, na hakuna aliyekumbuka kwamba hotuba ile haikumfikia.

Saa nane tulikwenda kuwasalimu wakwe wa Mjomba, ng'ambo ya bonde. Tulipokuwa huko ukungu ulishuka. Wa Rangwi wanaujua: unafika bila hodi, unakaa, na kila ulichoanika kinalowa upya. Tulirudi saa kumi na moja, na kabla hatujafika barazani Anjela alishaona stuli ikiwa tupu.

"Filta yangu iko wapi?"

"Ipo," Bibi alijibu kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayengojea kushukuriwa. "Nilipita nikaigusa, nikaikuta inalia maji. Mngeiacha pale ingeota uyoga. Nimeikausha."

Jiko la Bibi ni nyumba yake ya pili. Katikati kuna mafiga, na juu yake kuna uchaga wa miti, ambako mahindi ya mbegu hukaa mwaka mzima moshi ukiyalinda na wadudu. Na si mahindi tu. Katika milima ambayo jua huja kutembea tu, kila kilicholowa hupelekwa pale juu. Na pale juu, kati ya mahindi, juu ya chungu cha makande kilichokuwa kinachemka kwa kuni mbichi, filta ya mashindano ilikuwa imelala. Mjomba aliitoa. Ilikuwa ya moto, imekauka vizuri kabisa, na ilikuwa nyeusi tii.

Anjela aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza upande wa pili.

"Imekauka au haikukauka?" Bibi aliuliza.

"Imekauka, Bibi," nilisema.

"Basi mbona mmenyamaza kama kwenye msiba?"

Ilibidi aelezwe. Mjomba alimweleza kwa upole kwamba masizi yameingia ndani ya pamba, na moshi una utomvu wake unaoganda, na gari likivishwa kitu kile halitapata hewa, litakohoa na kukataa. Bibi alisikiliza, kisha akapandisha mabega.

"Kila kitu cha nyumba hii kimekaukia pale. Viatu vyako vya kipaimara, Nikodemu, vilikaukia pale. Nepi za mama yake huyu zilikaukia pale, na hakukataa kutembea."

Ningecheka kama si kwamba nilikuwa nafikiria kesho. Tuliirudisha filta kwenye beseni. Dawa iliyobaki chupani ilikuwa ya kulamba tu, Anjela akaipulizia yote, akaongezea maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, akaanza tena kumimina, kata baada ya kata, giza likiingia. Maji yalitoka meusi, yakawa ya kahawia, mwisho yakatoka na rangi ya chai nyepesi na hapo yakagoma kubadilika. Filta ilikuwa safi kiasi cha kutosha, na imelowa chapachapa. Nje kulikuwa na ukungu. Ndani kulikuwa na moshi.

"Kesho tusubiri jua litoke," Mjomba alisema.

"Jua likitoka saa nne na sisi tuko hapa, saa tisa hatupo Tanga," nilisema. "Na zamu imekwenda."

Anjela alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Huyu ni mwanamke ambaye hufuta vumbi kwenye kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua. "Isipokauka, tutakwenda bila filta," alisema. "Vumbi liingie tu."

"Injini je?"

"Injini ni chuma. Nitanunua nyingine nikizeeka."

Nilijua maneno yale yalikuwa yanamkata. Nilimpenda jioni ile kuliko siku niliyomwoa, na nilitaka kumwambia, lakini Bibi alishaingilia kati.

"Vumbi likiingia, gari linakufa?"

"Haliwezi kufa kesho, Bibi," Anjela alisema. "Linakwisha polepole."

"Kwa ajili ya jicho langu?"

Bibi alinyoosha mikono mbele yake. "Nipe."

"Bibi, imelowa."

"Nipe, nimesema. Aliyeharibu si mimi?"

Aliifuta filta kwa khanga kuukuu, kwa kuigusagusa tu, maana Anjela alimshika mkono asije akaisugua. Akaifunga ndani ya khanga nyingine kavu. Kisha akainama, akaiweka mgongoni, chini ya sweta, akafunga kitenge kifuani kama anavyofunga mwanamke mwenye mtoto mchanga. Aliinuka, akajitikisa kidogo apate kuiweka sawa.

"Nimelea watoto saba mgongo huu," alisema, "na hakuna aliyepanda akiwa mkavu."

Jioni nzima alizunguka nayo. Aliikoroga mboga akiwa nayo, alimfungia mbuzi akiwa nayo, alisali rozari akiwa nayo. Kila baada ya muda alimwita Anjela abadilishe khanga ya ndani iliyokwisha kunywa maji. Mjomba alimuuliza kama mtoto amelala, akaambiwa apunguze sauti. Ndipo nilipogundua jambo lililonifurahisha kuliko yote ya safari ile. Bibi alikuwa amepata sababu nzuri ya kubaki, tena ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alikuwa anahangaika kuiondoa. Alitamani mno kurekebisha alichokiharibu, hata akasahau kukataa.

Jumatatu kabla hakujapambazuka vizuri, Anjela aliipokea filta kutoka mgongoni mwa Bibi. Ilikuwa na joto la mwili na harufu ya moshi. Makunjo ya katikati yalikuwa makavu, pembeni kulikuwa na ubaridi wa unyevu kidogo. Aliipepea kwa ungo mpaka akaridhika, kisha akafungua chupa ya mafuta mekundu, akawa anayapitisha juu ya kila kunjo mara moja, uzi mwembamba tu. Akasubiri yasambae, akaongeza tone mahali palipobaki peupe, akaacha. Nilimwambia aongeze kidogo, kwa usalama. Akaniambia kwamba mafuta yakizidi yanarushwa na hewa mpaka kwenye sensa inayopima hewa, na sensa ikilowa gari halijui tena limevuta hewa kiasi gani. Nikarudi kushika tochi.

Bibi alikuwa amevaa gauni la Pasaka na kilemba, amekaa kwenye kiti cha mbele na kifurushi chake mapajani. "Mnanichelewesha," alisema.

Anjela akafunga klipu za mwisho, akashusha boneti, akakaa kwenye usukani. Mjomba alisimama mlangoni. Nilijua sote tunafikiria sharti lile. Anjela akageuza ufunguo.

Gari likakohoa. Likatetemeka, likakohoa tena, likazima.

Majogoo waliwika upande wa pili wa bonde. Mjomba akawa anaangalia viatu vyake. Nilimtazama Bibi, nikatayarisha moyo wangu kumsikia akisema Mungu amesema.

"Mnangoja nini?" Bibi aliuliza. "Si mliwashe?"

Mjomba hakujizuia. "Mama, hukusikia?"

"Nisikie nini?"

"Gari lime—"

"Mimi ni mgonjwa, Nikodemu. Wagonjwa hatusikii kila kitu."

Anjela alishuka mbio, akafungua boneti. Katika kuhangaika na filta alikuwa ameuacha waya wa sensa haujaingia mpaka mwisho. Akausukuma ukalia *ta*, akarudi, akageuza ufunguo. Gari likawaka, likanguruma, na hewa ikapita kwenye pamba ile na kutuletea ndani harufu ya makande.

"Limewaka mara moja," Bibi alitangaza. "Twendeni."

Njia ya kuteremka ilikuwa sherehe. Bibi aliimba nyimbo za kanisani kutoka Lukozi mpaka Lushoto. Baada ya Soni, kwenye zile kona ambazo mimi niliukagua mwamba, yeye alikuwa anamwambia Anjela aongeze mwendo. Gari lililokuwa nyuma yetu lilipotupita, alidai kwamba mke mwenzake anaendesha kama anabeba mayai. "Likanyage!" alisema, na korongo lilikuwa sentimita chache kutoka kiwiko chake. Anjela hakukanyaga. Saa nane na ushei tulikuwa kwenye geti la hospitali, na filta ilikuwa imefanya kazi yake njia nzima.

Jumanne alipasuliwa. Mlangoni alinishika mkono na hakutaka kuuachia, na utani wote ulimtoka. Aliniambia, "Mkinirudisha kama babu yako, nizikeni karibu naye." Nilimwambia atarudi amekaa kiti cha mbele. Nilisema kwa sauti ya mwalimu.

Jumatano asubuhi muuguzi alifungua bendeji. Bibi alipepesa jicho, akatoa machozi, akaangaza huku na huku, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Wewe ndiye Mathayo?"

"Ndimi, Bibi."

"Nilidhani bado una nywele."

Muuguzi aligeukia dirishani kucheka. Bibi akamgeukia Anjela, akamshika kidevu, akamwinua uso kwenye mwanga. "Kumbe ni mzuri hivi. Sasa nitaweza kukuchukia vizuri," alisema, kisha akamkumbatia na kumshukuru kwa lugha ya nyumbani, "Hongea mno, mwanangu, hongea mno." Tulilia wote watatu, na sioni haya kuliandika hilo.

Alikaa kwetu kwa ajili ya matone na vipimo, akasoma mabango yote ya mtaa kwa sauti, akamkosoa jirani kwa rangi ya ukuta wake. Daktari aliporidhika, alisema jicho la kushoto lingefanywa baada ya Noeli, kama mgonjwa angekubali kurudi. Bibi akageukia bango la ukutani, akaanza kulisoma. Tulipanga kumrudisha Rangwi Jumamosi moja ya Oktoba.

Mombo tulianza kupanda. Bibi alikuwa kiti cha mbele, kama nilivyomwahidi, na alikuwa anazungumza bila kupumzika: mkonge ule, mbuzi wale, mtu yule mwenye baiskeli. Kisha tukaingia kona ya tatu. Nilimwona akiushika mlango, kisha akaushika na mkanda, kisha akamshika Anjela bega.

"Simamisha."

Anjela alipata mahali papana, akasimamisha. Bibi hakushuka. Alichungulia dirisha la Anjela, akaona miti iliyo chini, akaona miti iliyo chini ya ile miti, na huko mwisho mto kama uzi.

"Tulipita hapa?" aliuliza.

"Hapahapa, Bibi," nilisema.

"Siku ile?"

"Siku ile."

"Na mimi nilikuwa naimba?"

"Ulikuwa unamwambia Anjela alikanyage."

Bibi alijiegemeza kitini, akafanya ishara ya msalaba. Kutoka hapo mpaka Soni aliushika mkanda kwa mikono miwili, na mimi kule nyuma nilikata tamaa. Tulimteremsha kwa sababu hakuona njia. Sasa alikuwa ameiona, na lile jicho la kushoto nilishalihesabu kuwa limepotea.

Rangwi Mjomba alitupokea kwa chai ya tangawizi. Bibi alizunguka uwanja wake wote, akamkagua mbuzi, akahesabu vifaranga na kukuta amepunguka mmoja, akamtazama Mjomba kwa jicho jipya mpaka akaungama kuhusu mwewe. Mimi nilikaa barazani na Anjela, ambaye alikuwa ameanza kuipenda tena filta yake. Safari ile ilimfundisha kwamba filta ya pamba huoshwa nyumbani, siku ambayo huendi popote, na akaniahidi kwa kiapo kwamba hatafungua boneti Rangwi. Nami nilijifunza kwamba mtu ambaye hufuta vumbi kwenye kifuniko cha tangi anaweza kuliacha liingie kwenye injini kwa ajili ya bibi wa mumewe. Nilimwambia hivyo, hatimaye, na akaniambia nishike tochi vizuri wakati mwingine.

Tulipokuwa tunaaga, Bibi alikuja mpaka dirishani kwa dereva. Aliliangalia gari, akaangalia barabara inayokwenda Lukozi, akaangalia vidole vyake.

"Hilo jicho lingine," alimwambia Anjela, "baada ya Noeli ni lini hasa?"

"Januari, Bibi. Lakini ile njia..."

"Njia nimeiona. Ni mbaya sana. Nyie mna wazimu." Aliweka sawa khanga begani. "Mje mapema. Kwenye zile kona nitalifumba hili moja."